Gati Bila Watu

Picha yenyewe sikuitafuta. Nilikuwa nikitafuta mbao. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa akihama nyumba ya zamani ya serikali kule juu Arua Hill, akaniita nimwandikie jina lake kwenye masanduku ili vitu vyake visipotelee njiani. Nilipomaliza akanionyesha fremu kubwa iliyoegemezwa kwenye veranda, uso umegeuziwa ukuta. "Chukua hiyo," akasema, "niliikuta hapa nilipohamia, na mbao yake bado nzuri." Niliibeba begani hadi kibandani kwangu mjini huku nikipiga hesabu ya vibao nitakavyovipata ndani yake. Nilipofika niliigeuza, nikafuta kioo kwa tambara, kisha nikakaa juu ya kopo la rangi. Chai niliyokuwa nimeagiza ikaletwa, ikapoa, ikaondolewa.

Ilikuwa nakala ya karatasi ya picha iliyochorwa zamani, picha ya mji mkubwa uliojengwa ukingoni mwa maji. Si karibu na maji, bali ukingoni kabisa, kiasi kwamba mtu akitoka mlangoni mwake na kupiga hatua chache anaingia kwenye mashua. Upande mmoja lilisimama jumba refu la rangi ya waridi lililobebwa na safu mbili za nguzo nyeupe, moja juu ya nyingine. Nyuma yake kulikuwa na mnara na makuba. Mbele ya vyote ilipita gati ya mawe, ndefu, mpaka ikapungua ikawa uzi. Na kila mahali watu, waliovaa kofia, waliobeba vikapu, waliosimama kwenye mashua na makasia marefu mikononi, waliosimama wakipiga soga tu. Chini ya picha palikuwa na ukanda wa maandishi, lakini mende walikuwa wamekula jina la mji na jina la mchoraji. Yaliyosalia yalisema ni mandhari ya gati, na kwamba ni kazi ya karne ya kumi na nane.

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Kazi yangu ni kuandika vibao vya maduka, nimeifanya tangu ujana, na imenifanya kuwa mtu wa kukosoa. Naweza kusimama mbele ya duka la mtu nisiyemjua nikaikasirikia herufi S yake mpaka mwenye duka atoke kuniuliza nina shida gani. Lakini siku ile sikupata cha kukosoa. Nilitafuta. Nilitafuta dirisha lililopinda, nguzo iliyosahauliwa, mnara ulioinama. Madirisha yalikuwa mengi kupita kiasi, na kila moja lilikuwa na kivuli chake, upande uleule, kana kwamba yule bwana alilifikia kila dirisha na kuliuliza jua linaingilia wapi. Niliogopa kidogo, nasema kweli. Niliona haya pia, nikakumbuka vibao vyote nilivyowahi kuvimaliza haraka haraka ili niende kula.

Mbao sikuitoa tena. Niliitundika picha kibandani, na watu wakaanza kusimama. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa akisubiri karatasi zake za mpakani Vurra aliapa kwamba ni Mombasa ya zamani, na kwamba yeye mwenyewe ameshusha mzigo pale penye nguzo. Mzee mmoja wa msikitini alisema hapana, ni Khartoum, babu zetu walitokea huko na jeshi, angalia mto. Kijana wa Onduparaka, amevaa jezi ya timu kama kawaida yao, aliitazama muda mrefu kwa heshima kubwa kisha akauliza uwanja wa mpira uko wapi. Mwishowe binti wa dada yangu aliipiga picha kwa simu, na simu ikasema ni Venisi, kule Italia, na kwamba mji huo upo hata leo. Nilimshukuru, lakini nilikuwa nimeshauzoea bila jina. Bahari sijawahi kuiona. Maji makubwa kuliko yote niliyoyaona ni Nile pale Pakwach, nikiwa juu ya daraja, ndani ya basi, na basi halikusimama.

Sasa lazima niseme habari ya baba yangu, maana bila yeye hadithi hii ni ya mtu na ukuta tu.

Baba alikuwa dereva jeshini. Serikali ya kijeshi ilipoanguka tulikimbilia Kongo kama watu wengi wa Koboko, tukakaa miaka upande wa Aru. Tuliporudi, mama hatukurudi naye. Alifariki kulekule, kwa homa, na dada yangu mkubwa ndiye aliyenilea. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, tumerudi majuzi tu, siku niliyochukua kaa la moto lililozimika nikachora mtu kwenye ukuta mpya wa nyumba yetu. Alikuwa na kofia na buti. Nadhani alikuwa baba. Baba alitoka kuswali, akamwona, akaleta maji na tambara, akaniweka mbele ya ukuta ule nimfute mpaka asionekane hata alama. Hakunipiga. Aliniambia tu, kwa Kiswahili chake cha jeshi: "Wewe kama nachora kitu iko na roho, siku ya mwisho utaambiwa, haya, mpe roho. Utaweza?"

Nilisema sitaweza. Na kwa zaidi ya miaka arobaini sikuchora kiumbe chenye roho. Nilichora matairi, vitanda, chupa za soda, spana, mikate. Vinyozi waliponiomba vichwa, niliwachorea vichwa vya kisogo, bila uso, nikiamini kisogo hakihesabiwi sana. Watani wangu walisema ukitaka kujua kibao changu mjini Arua tafuta kile ambacho watu wote wamekununia. Vinyozi wenyewe walifurahi, kwa sababu mteja aliweza kuona jinsi shingo itakavyonyolewa. Lakini baba hakuwahi kuja kutazama kimoja. Alipopita Arua alinipitia kibandani, akasimama nje, akaniuliza hali ya watoto, akaenda. Kazi yangu aliizunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi. Amekwisha zeeka, ana zaidi ya miaka themanini, na mimi nilitaka kitu kimoja tu kabla hajaondoka: aitazame kazi ya mikono yangu na aniambie neno. Hata liwe baya.

Kwa hiyo dada yangu alipokuja kibandani akaiona ile picha, nikaona mlango umefunguka. Yeye ni mfanyabiashara wa vitambaa, alikuwa amemaliza kujenga nyumba Koboko mjini, na alikuwa anataka kumhamishia baba humo, maana kule kijijini paa lilikuwa linavuja na mzee hakutaka kuambiwa. Alisimama mbele ya picha na mikono kiunoni.

"Hii nataka," akasema. "Kwa ukuta ya chumba ya wageni. Ukuta muzima."

"Na baba?"

"Ndiyo nasema. Mzee iko naswali hapo hapo. Chora nyumba, chora maji, chora mashua. Mutu hata moja, hapana. Nyumba na maji hapana iko na roho, atakataa nini?"

Nilimjibu nitafikiri, nikamaliza kufikiri kabla hajafika kituo cha magari.

Nilienda Koboko na makopo yangu, nikalala kwa dada, nikafanya kazi wiki tatu. Kwanza nilipiga viraba, yaani miraba midogo, kwenye picha kwa penseli nyembamba na ukutani kwa uzi uliopakwa buluu ya kufulia: unauvuta, unauachia, pap, mstari unabaki. Kisha kiraba kwa kiraba, kilichomo humu nakihamishia kule. Ndivyo tunavyofanya tunapokuza tangazo, na ndivyo nilivyofundishwa. Hutazami picha nzima, maana ukiitazama nzima utaogopa. Unatazama kiraba chako na kukimaliza.

Lakini wiki zile tatu ndizo nilizosoma shule kweli. Nilikuwa na kioo cha kukuzia, cha kusomea maandishi madogo, na kwa kioo kile nilimfuata yule mchoraji kila mahali alipopita. Maji aliyafanya kwa mistari midogo iliyopinda, myeupe, kama alama za kucha kwenye kipande cha sabuni, basi, hakuna kingine. Mbele mistari ni mikubwa, nyuma ni midogo, mpaka inaisha, na jicho lako linaendelea lenyewe kwenda mbali. Na watu wale! Mtu mzima, na koti lake na mwendo wake na haraka zake, alikuwa mguso wa kahawia, mguso wa nyekundu, na nukta nyeupe juu. Nikisogeza kioo, mtu anavunjika anakuwa rangi tatu. Nikirudi nyuma hatua mbili, amesimama tena na ana shughuli zake. Nilisogea na kurudi, kusogea na kurudi, mpaka dada akaniuliza kama nimepoteza kitu sakafuni. Sikujua namna ya kumweleza. Mtu aliyekufa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa alikuwa ananifundisha kazi ndani ya nyumba ya Koboko, na alikuwa mwalimu mpole kuliko wote niliowahi kuwa nao.

Kuwaondoa watu hakukuwa rahisi. Ukimwondoa mpiga kasia, kasia linabaki limesimama hewani peke yake. Ikabidi makasia yote niyalaze ndani ya mashua. Kamba iliyoshikwa na mtu niliifunga kwenye nguzo. Kikapu kilichobebwa nilikiweka chini. Palikuwa na mbwa mmoja mdogo karibu na ngazi, naye nikamwacha nje, kwa masikitiko, maana alikuwa mbwa mzuri. Kila jioni dada alikuja kukagua kwa taratibu, kutoka kona hii hadi ile, kama wale wa forodha pale Vurra wanavyofungua gunia moja moja.

Siku moja alisimama ghafla akanyoosha kidole kwenye nguzo moja iliyosimama peke yake gatini. "Huyo ni nani juu ya hiyo nguzo?"

"Ni jiwe, dada. Ni sanamu. Hata kwenye picha ni jiwe."

"Jiwe iko na kichwa?"

"Lina kichwa, ndiyo, lakini ni jiwe. Nimechora picha ya jiwe."

"Utamwambia mzee hivyo?"

Nilipanda ngazi nikafuta. Nguzo ikabaki imesimama bila kitu juu, kama inasubiri.

Nilipomaliza, ukuta mzima ulikuwa mji. Sitajifanya mnyenyekevu: ilikuwa kazi nzuri kuliko yote niliyowahi kufanya, na sidhani nitafanya nyingine kama ile. Asubuhi, dirisha la mashariki lilipofunguliwa, jua la Koboko lilipiga ukuta kutoka upande uleule ambao jua la picha lilikuwa linatokea, na lile jumba la waridi likawaka. Dada, ambaye hasifu kitu mpaka amekipunguzia bei kwanza, alivua viatu kabla ya kuingia chumbani kwake mwenyewe. Akakaa chini sakafuni, si kwenye kiti, akasema Mungu ametupa macho. Majirani walikuja. Mwanamke mmoja alikwenda kugusa maji, kisha akaangalia kidole chake. Nilikuwa na furaha mpaka kifua kiliuma.

Baba aliletwa siku iliyofuata, asubuhi, akiwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa. Dada alimtangulia, akamwonyesha chumba cha kulala, choo, mahali pa kutawadha. Mimi nilisubiri chumba cha wageni. Nilikuwa nimenawa mikono mara mbili, na rangi ya buluu haikutoka kwenye kucha. Aliingia akiwa na fimbo yake, akageuka, akaona.

Alisimama. Niliangalia uso wake, sikuangalia ukuta. Macho yake yalianza juu, kwenye mnara, yakashuka kwenye makuba, yakafuata nguzo moja moja, yakateremka majini, yakapita juu ya mashua zote. Hakuna mtu aliyewahi kuitazama kazi yangu hivyo. Kisha yakafika kwenye gati, yakakwama.

"Hii vivuli," akasema, "iko ya nani?"

Nikageuka, nami ndipo nilipoona. Gati nzima, tangu mwanzo hadi ilipopungua kuwa uzi, ilikuwa imejaa vivuli. Vivuli virefu vya asubuhi, vimelala juu ya mawe, kila kimoja kikianza mahali ambapo miguu ingekuwa. Vivuli vya kofia, vivuli vya vikapu, viwili vimeegemeana kama watu wanaoongea. Kila kiraba nilikuwa nimemwondoa mtu, lakini kivuli nilikuwa nimekiona kama doa la jiwe, nikalinakili doa kwa uaminifu wote wa kazi yangu. Nimeishi na ukuta ule wiki tatu. Dada ameukagua kila jioni. Majirani wamekuja. Hakuna aliyeona.

Nilijua atakachosema: kwamba nimewachora watu kwa mlango wa nyuma, kwamba nimeleta kivuli cha kilichokatazwa mahali pake pa kuswali. Miaka yote ile, na kosa lenyewe la kitoto namna hii. Nilichukua brashi kutoka kwenye kopo, nikamwambia, "Nisamehe, Baba. Nitavifuta sasa hivi, haitachukua muda."

"Wacha," akasema.

Akatafuta kiti kwa fimbo, akakaa, akiwa bado anatazama. Dada alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Baba hakutuangalia hata mmoja wetu.

"Hawa watu iko kimbia," akasema. "Koboko ilikuwa hivi."

Nilidhani anazungumzia vita kwa jumla, kama wazee wanavyofanya, nikaitika tu. Lakini aliendelea, polepole, na mambo aliyosema sikuwahi kuyasikia, wala dada hakuwahi kuyasikia, na sisi ndio watoto wake.

Alisema kwamba kule Aru redio ilitangaza watu warudi nyumbani. Mama yetu alitaka kurudi siku ileile. Homa ilikuwa bado haijaanza kumkaza. Baba akamwambia, wewe kaa na watoto, mimi nitaenda kwanza nione. Akatembea, akalala njiani, akaingia Koboko asubuhi.

"Nyumba iko," akasema. "Ingine iko na ukuta tu, lakini iko. Barabara iko. Duka iko, mlango wazi. Mutu hapana. Mimi nilisimama pale sokoni. Nilisema, leo kama naona mutu moja tu, hata kama ni mwizi, hata kama ni kichaa, nitarudi kuchukua watu yangu. Nilingoja. Jua ilipanda, jua ilishuka. Hata mbwa hapana. Mimi nilirudi Kongo, nilimwambia mama yenu, bado. Watu bado."

Baba alipitisha kiganja usoni.

"Alisema, sawa. Hapana kubisha. Mvua ikakuja, ile homa ikakuja. Tulizika yeye kwa shamba ya watu. Baadaye nilisikia ile siku watu walikuwa. Walikuwa ndani ya nyasi, kule nyuma ya soko. Waliniona na ile koti yangu ya jeshi, wakaogopa, wakalala chini. Kama niliona mutu moja ile siku, mama yenu hapana kufa kwa nchi ya watu."

Dada aliweka sinia chini akaenda jikoni. Nilimsikia akifungulia maji, na maji yakaendelea kumwagika bila kufanya kazi yoyote. Mimi nilibaki nimesimama na brashi. Nilikuwa nimejiandaa maisha yangu yote kwa lawama ya baba yangu, nikawa sina la kufanya na huzuni yake. Miaka arobaini nilidhani alikuwa anaikwepa kazi yangu kwa sababu ya hukumu. Labda ni kweli. Lakini mtu huyu alikuwa ametembea na mji mtupu kichwani mwake muda wote ule, na mimi nilikuwa nimemchorea mji huo, ukuta mzima, chumba atakachoswalia mpaka afe.

"Nitapaka ukuta wote mweupe, Baba," nikasema. "Kesho utakuwa mweupe."

"Hapana," akasema. "Weka mutu."

Nilidhani sikusikia.

"Weka mutu," akarudia. "Rangi iko?"

"Iko. Lakini Baba, wewe mwenyewe uliniambia..."

"Nilisema. Mimi hapana sahau." Kwa mara ya kwanza aligeuka akaniangalia. "Siku ile wakiuliza wewe, sema baba yangu alinituma. Mimi nitakuwa hapo. Nitajibu."

Nilimuuliza anataka wangapi, maana vivuli vilikuwa vingi, na kwa mwendo wangu kuvipatia vyote wenyewe ingekuwa kazi ya wiki nyingine mbili.

"Moja," akasema. "Mimi nilitafuta moja tu."

Nilichanganya kahawia, na wekundu kidogo. Niliushika mkono wa brashi kwa mkono mwingine, kama wanafunzi wanavyofanya. Nikamuuliza nimweke wapi. Akainuka, akaja karibu na ukuta, akatembeza ncha ya fimbo hewani juu ya gati bila kuigusa, akapita vivuli vingi, mpaka akafika ukingoni kabisa, mahali ambapo mawe yanaanza. Palikuwa na kivuli kimoja hapo, kifupi kidogo.

"Hapa," akasema. "Mutu akitoka njia ya Kongo, amuone huyu kwanza."

Nikaweka kahawia. Nikaweka nyekundu. Nukta nyeupe ya juu ilinichukua muda, maana machozi yalikuwa yananizuia kuona vizuri, na sikujificha, wala baba hakuniambia niache. Kisha nikaigusisha brashi ukutani, nikaiondoa. Baba alikuwa karibu mno, nikajua anaona madoa matatu tu. Nikamshika mkono, nikamrudisha nyuma taratibu, hatua moja, ya pili.

Alimwangalia. Alimwangalia kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia mnara na makuba yote. Kisha akageuza kichwa kuelekea jikoni, akapaza sauti kidogo tu, kwa sababu maji yalikuwa bado yanamwagika, akamwita dada yangu.

"Funga maji," akasema. "Njoo uone. Watu inaanza kurudi."